Makongamano ya utafiti wa tiba Afrika Mashariki: meza kuu au bango la mwanafunzi?

Mwaka 1952 homa isiyojulikana iliwaangusha watu wa uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mgonjwa alishikwa na homa ya ghafla na maumivu ya viungo makali kiasi cha kushindwa kunyooka, na Wamakonde wakaupa ugonjwa jina kwa kile walichokiona: chikungunya, yaani kinachomkunja mtu. Damu ya wagonjwa wa Newala ilisafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja hadi Entebbe, Uganda, kwenye taasisi iliyoanzishwa 1936 kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano, na kirusi kikatengwa huko. Leo neno hilo la Kimakonde hutamkwa na madaktari wa India, Brazil na Ufaransa.

Naanzia Newala kwa sababu safari ile ya damu inanisaidia kulijibu swali ambalo huzuka kila msimu wa makongamano ya sayansi ya tiba: je, mikutano hii ya kanda, inayowakusanya watafiti wa biolojia na tiba pamoja na wanafunzi wao kutoka nchi zetu, inastahili fedha zinazoteketea? NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania, huwa na kongamano lake la kila mwaka, na KEMRI, mwenzake wa Kenya, vilevile. Tume ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Bujumbura, huandaa la kwake kila baada ya miaka miwili. Juu ya hayo lipo kongamano la malaria la Afrika nzima lililoanzia Dakar 1997, likaja Arusha 2002, Nairobi 2009 na Kigali Aprili 2024. Mimi ni mtafiti wa malaria. Nimeyahudhuria kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Nayataka yaendelee. Ila wanaosema yafungwe wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri tukiwa ukumbini, na nitazieleza kwa uzito wake.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana bila historia hii mjadala wote hupotea njia.

Enzi za Newala, na miaka mingi baadaye, kazi ya utafiti wa tiba ilikuwa imegawanywa katika nchi tatu kama familia inavyogawana mashamba. Virusi vilikuwa Entebbe. Malaria ilikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara. Malale yalikuwa Tororo, ukoma Alupe karibu na Busia, kifua kikuu Nairobi, na Mwanza walishughulika na kichocho na matende. Daktari wa Tanganyika aliyekuwa na swali la virusi hakuhitaji kuomba makubaliano ya nchi na nchi. Alifunga sampuli akaituma Entebbe, maana Entebbe ilikuwa yake pia. Matunda ya mpangilio ule tunayala hadi leo. Kuanzia 1970 wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyofanywa kwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo ya kwanza yaliyotoka 1972 yalionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, mgonjwa anaweza kupona kwa miezi 6 badala ya 18. Dozi anayomeza mgonjwa wa TB leo, Temeke au Toronto, ina mizizi yake katika wodi za kwetu.

Kisha 1977 Jumuiya ikavunjika, na kila nchi ikachukua nyumba iliyokuwa ndani ya mpaka wake. NIMR na KEMRI zote mbili zilizaliwa 1979. Entebbe ikabaki ya Uganda peke yake. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa 1999, mambo mengi yalirudi, ikiwemo hata pasipoti ya pamoja, lakini mgawanyo ule wa maabara haukurudi, na sidhani kama utarudi. Kongamano ndilo limeachiwa mzigo uliokuwa ukibebwa na taasisi nzima. Siku tatu au nne ndani ya ukumbi zinatakiwa kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa mwaka mzima na watu waliokuwa chini ya paa moja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaolipima kongamano kama tamasha, na sikubaliani pia na wanaoliandaa kama tamasha.

Sasa hoja za wanaopinga.

Hoja ya fedha ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo yenye uchungu. Wengi tunaukumbuka mwishoni mwa 2015 Tanzania, serikali mpya ilipozuia safari za nje za watumishi, ikabana semina, na fedha zilizokuwa zichangiwe kwa hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda vya Muhimbili. Watu walishangilia, na nilielewa kwa nini. Mwananchi aliyelala wawili kitanda kimoja haelewi kwa nini mtaalamu wa afya alipwe posho ya kujikimu ili asikilize wenzake wakizungumza hotelini. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa wiki tatu bila kufanya kazi kwa sababu vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vya kutoa DNA viliisha, na katika wiki hizo hizo wakubwa wetu watatu walikuwa kwenye kongamano nchi jirani, wawili kati yao bila kuwa na chochote cha kuwasilisha. Nilikaa na mirija yangu mitupu nikapiga hesabu: nauli yao na posho yao zingetosha kununua pakiti za kutufikisha hadi mwisho wa mradi. Hasira ile sijaisahau, na anayekwambia makongamano ni ulaji hasemi uongo kuhusu yote.

Hoja ya pili ni ya muda. Aliyewahi kukaa ukumbini siku ya ufunguzi anajua asubuhi inavyokwenda. Mgeni rasmi anasubiriwa. Akifika, kila anayepanda jukwaani anawataja wote waliokaa meza kuu kwa vyeo vyao kabla ya kusema itifaki imezingatiwa, na anayemfuata anaanza upya. Ratiba inayoanza saa mbili na nusu inafika saa sita haijasomwa ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, hata moja. Muda uliopotea haurudishwi kutoka kwa wakubwa, unakatwa kwa wadogo: mwanafunzi aliyepewa dakika kumi anaambiwa zimebaki tano, na mabango, zile karatasi kubwa ambazo wanafunzi hubandika kueleza utafiti wao, yaliyokuwa yapewe saa nzima yanatazamwa na watu walioshika sahani za pilau, wakipita kuelekea mezani kwao.

Hoja ya tatu ni ya kisayansi, nayo ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mwaka 2018 mtandao wa Cochrane, unaopitia na kujumlisha tafiti za tiba, ulichapisha uchambuzi uliofuatilia zaidi ya ikisiri 300,000 zilizowasilishwa kwenye makongamano ya tiba na afya duniani. Zilizokuja kuchapishwa kama makala kamili zilikuwa 37% tu. Yaani karibu kazi mbili katika kila tatu zilisimama jukwaani mara moja, zikapigiwa makofi, zikafia hapo. Tena zenye matokeo ya kufurahisha ndizo zilizokuwa na bahati zaidi ya kufika kwenye majarida. Msimamizi wangu wa zamani, mzee ninayemheshimu sana, huitumia takwimu hiyo kama rungu. "Mwanafunzi wangu akiniomba nauli ya kongamano," aliniambia, "namwambia nauli hiyo hiyo akaitumie kurudi kijijini kuongeza sampuli. Makala moja iliyokamilika ni bora kuliko mabango kumi." Hakuwa anachukia makongamano. Alikuwa ameona vijana wengi wakigeuka mabingwa wa kuwasilisha kazi wasizozimaliza.

Nimejaribu kumjibu kwa miaka kadhaa. Jibu langu linaanzia mahali padogo sana.

Bango langu la kwanza nilisafiri nalo kwa basi usiku kucha, nimelikunja ndani ya bomba la plastiki la fundi bomba, maana mkoba maalumu sikuwa na fedha ya kuununua. Lilihusu vimelea vya malaria kwenye damu iliyokaushwa. Unamchoma mgonjwa kidoleni, unadondosha matone kwenye karatasi ya chujio, unaiacha ikauke, unaifunga, na baadaye maabara inatoa DNA kwenye doa lile. Kazi yangu ilikuwa na aibu moja niliyoificha kwenye kona ya chini ya bango: karibu theluthi ya sampuli zangu zilikataa. DNA haikutoka. Niliandika kwa herufi ndogo kwamba sampuli hizo ziliondolewa kwenye uchambuzi.

Walipita maprofesa wakatikisa kichwa wakaendelea na safari. Halafu akaja mama mmoja, mteknolojia wa maabara kutoka hospitali ya wilaya upande wa Uganda, miwani imening'inia kifuani. Hakusoma kichwa cha bango. Aliinama moja kwa moja hadi kwenye ile kona.

"Hizi zilizokataa ni za mwezi gani?"

Nikamwambia Aprili na Mei.

"Mvua. Na vile vipakiti vya kukausha mlivibadilisha lini?"

Nilikuwa sijui kwamba vinabadilishwa. Tulitia kipakiti kimoja cha silika kwenye kila bahasha, tukaifunga, tukaiweka kabatini, tukaamini kazi imekwisha. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha Kiganda chenye adabu nyingi, kwamba zipo punje zinazobadilika rangi: zikiwa za buluu bado zinanyonya unyevu, zikigeuka za waridi zimeshiba na karatasi inaanza kuoza taratibu. Yeye hukagua bahasha zake kila Ijumaa wakati wa masika. Akaniomba kalamu, akageuza kona ya bango langu, akaandika namba yake ya simu nyuma. Mazungumzo yote hayakufika dakika saba. Msimu uliofuata sampuli zilizokataa zilikuwa chache mno, na ile makala ambayo msimamizi wangu aliitaka ilikamilika.

Kinachonishughulisha katika kisa hiki ni kwamba maarifa ya yule mama hayapo kwenye jarida lolote nililowahi kulisoma kwa namna alivyoyasema. Mwongozo huandika "hifadhi pakavu". Hausemi habari za Ijumaa. Yeye hakuwa na makala yoyote yenye jina lake, na kama kongamano lile lingekuwa la wenye makala peke yao, asingekuwepo. Alikuwepo kwa sababu mradi mmoja ulikubali kumlipia nauli mtu wa wilaya. Kwa hiyo ile 37% inaweza kusomwa kwa upande wa pili pia. Ikiwa kazi mbili katika tatu hazifiki kwenye jarida, basi kongamano ndilo mahali pekee zilipowahi kusikika, pamoja na makosa yake, pamoja na sampuli zilizokataa, ambazo jarida halitaki habari zake. Mzee anaona kaburi la kazi zisizokamilika. Mimi naona pia kisima cha mambo ambayo hayachapishwi. Sote wawili tunatazama takwimu moja, na sijui njia ya kumshinda kwa hesabu.

Ila kuna jambo ambalo hata yeye hunyamaza nikilitaja, nalo ni Kagera.

Dawa mseto ya malaria, ile ya vidonge vya njano ambayo kila mama anaifahamu, inategemea dawa za jamii ya artemisinini. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya dawa hizo vilianza kuthibitika katika kanda yetu nchini Rwanda, vikiwa na badiliko la jeni linaloitwa R561H. Sampuli zilizobeba ushahidi huo zilikusanywa kati ya 2012 na 2015. Makala iliyoutangazia ulimwengu ilitoka 2020. Uganda ikafuata 2021 na mabadiliko mengine ya jeni hiyo hiyo kaskazini mwa nchi. Upande wa Tanzania, utafiti uliofanywa Karagwe 2022 ulithibitisha usugu wa R561H mkoani Kagera, na makala yake kamili ikaonekana 2024.

Tazama ramani. Karagwe na Rwanda zinatenganishwa na Mto Kagera. Watu wanavuka kwenda sokoni, wanaoana, wanahamisha ng'ombe, na mbu wa pande zote mbili wananyonya damu ile ile. Silaumu waliochukua miaka mitano kuchapisha. Kuthibitisha usugu ni kazi ngumu: lazima uonyeshe kwamba badiliko la jeni kweli linamfanya kimelea astahimili dawa, na hilo linahitaji maabara zenye uwezo mkubwa na subira. Tatizo ni kwamba kati ya siku mtafiti anapoona jambo la kutia shaka kwenye kompyuta yake na siku jarida linapokubali kulichapisha, kuna ukimya, na vimelea havingoji ukimya uishe. Ukumbi wa kongamano ni mahali ambapo ukimya huo unaweza kuvunjwa bila mtu kupoteza haki ya kazi yake. Majarida mengi hayahesabu ikisiri wala wasilisho la kongamano kuwa ni kuchapisha mara mbili. Mtafiti wa Kigali anaweza kusimama na kusema, tunaona hiki, bado hatujathibitisha, nyinyi wa ng'ambo mnaona nini?

Hapo wapinzani wana swali la haki kabisa: je, kweli watu husema? Nakiri kwamba mara nyingi hatusemi. Tunaogopa kuibiwa. Mwanafunzi anafundishwa na mkubwa wake kuficha jedwali muhimu hadi makala ikubaliwe, kwa sababu ipo mifano ya watu wenye maabara kubwa na fedha za haraka kutangulia kuchapisha wazo walilolisikia kwa mdogo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake si kufunga kongamano, kwa sababu mwizi wa wazo ana njia nyingi. Dawa ni ikisiri iliyosajiliwa na kuwekwa hadharani na tarehe yake na jina la mwanafunzi mbele, ili atakayemtangulia kwenye jarida aulizwe. Makongamano yetu mengine hutoa kijitabu cha karatasi kinachoishia kwenye droo, kisha mwaka unaofuata huwezi kukipata popote. Hilo ni kosa dogo la uendeshaji lenye gharama kubwa, na kulirekebisha hakuhitaji mfadhili.

Kuhusu mikutano ya mtandaoni sitakaa sana. Tulijifunza kuitumia wakati wa Uviko, inaokoa nauli, na kwa wasilisho la kawaida inatosha. Yule mama asingeniona kwenye skrini, maana asingekuwa na sababu ya kubofya jina langu. Aliniona kwa sababu alikuwa akipita.

Lugha nitaizungumza kwa kirefu zaidi, maana ni jambo tunaloliepuka kwa aibu.

Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta upele, ya aina mpya iliyopewa jina la kundi Ib, ilitambuliwa kutokana na mlipuko wa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu Kivu Kusini, Kongo, ulioanza Septemba 2023. Kufikia Julai na Agosti 2024 ilikuwa imefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mgonjwa wa kwanza wa Kenya alibainika kwenye kituo cha mpakani Taveta. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Sasa fikiria muuguzi wa Kamituga, muuguzi wa Bujumbura, na mganga wa Kigoma wamekaa meza moja. Ripoti za wawili wa kwanza ni za Kifaransa. Ripoti za wa tatu ni za Kiingereza. Lakini wote watatu wanamhoji mgonjwa kwa Kiswahili: upele ulianza lini, ulianzia wapi, umelala na nani. Lugha ambayo takwimu zao zilizaliwa nayo ni moja, kisha wanazitafsiri mara mbili ili waweze kukutana, na wakikutana hawaelewani.

Katika makongamano niliyohudhuria, wenzetu wa Kongo na Burundi hukaa nyuma. Si kwamba hawana la kusema. Niliwahi kukaa chakula cha mchana na daktari wa Kivu ambaye ukumbini alisoma slaidi zake za Kiingereza kwa shida, neno kwa neno, kichwa chini, na hakuulizwa swali hata moja. Mezani, kwa Kiswahili cha Bukavu, alitueleza kwa nusu saa jinsi wachimbaji wanavyohama kutoka shimo hadi shimo na kwa nini kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa hakuwezekani kwa kuorodhesha kaya. Hilo lilikuwa wasilisho bora la siku nzima, na lilisikilizwa na watu wanne.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja zao na si za kupuuza. Majarida makubwa ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Mbeya asipozoea kuulizwa maswali kwa Kiingereza hapa nyumbani, atazoea wapi? Istilahi nazo hazijakaa sawa: waulize watafiti watano neno la Kiswahili la "mutesheni" utapata majibu matano, na mimi hapo juu nimelazimika kusema "badiliko la jeni" nikijua halitoshi. Kulazimisha kongamano zima kwa Kiswahili kungewafungia nje Waethiopia na Wasudan Kusini wanaohudhuria, na kungetoa hotuba nzuri zisizo na sayansi ndani. Sitaki hilo. Ninachotaka ni kidogo: nusu siku moja katika siku tatu, kwa watu wa wilaya na wa mpakani, wazungumze kwa Kiswahili kuhusu kazi inayofanywa kwa Kiswahili. Umoja wa Afrika uliipokea lugha hii kuwa ya kazi 2022. Jumuiya yetu inaitambua. Ni sisi wa sayansi tuliobaki tukiona haya.

Narudi kwa mwanafunzi, maana kwake ndiko fedha na heshima zinakokutana.

Ada ya kongamano langu la kwanza ilikuwa sawa na kodi ya chumba changu kwa miezi mitatu. Nililipiwa na mfadhili wa nje, na kama nisingelipiwa nisingekwenda. Njia hiyo sasa imeyumba. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya katika kanda yetu ilitikisika ndani ya wiki chache, na nauli ya mwanafunzi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa mradi unapobana. Wapo wanaosema afadhali, tujifunze kusimama wenyewe. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Nchi za Afrika zilikubaliana miaka ya 2000 kutenga 1% ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na lengo hilo bado ni la kwenye makaratasi kwa nchi nyingi. Kujitegemea kunakoanza kwa kumkata mwanafunzi huku meza kuu ikibaki na chupa zake za maji na maua yake, hata hivyo, sikuiti kujitegemea.

Kwa hiyo nikiulizwa na kamati ya maandalizi, na siku moja niliulizwa, nasema hivi. Mwanafunzi asilipe ada kabisa. Anayesafiri kwa fedha za umma awe na kitu cha kuwasilisha, bango au wasilisho, hata awe mkurugenzi. Hotuba za ufunguzi zihamishiwe jioni, na saa tatu asubuhi, watu wakiwa na akili mpya, wapewe vijana. Mabango yawe ndani ya ukumbi mkuu, mbali na chakula. Wilaya za mpakani zitengewe nafasi zao, mteknolojia mmoja na muuguzi mmoja kila moja, kabla nafasi hazijaliwa na makao makuu. Kamati ile ilinisikiliza vizuri. Ilikubali la mabango, likatekelezwa mwaka huo huo, na watu walisimama mbele ya mabango wengi kuliko nilivyowahi kuona. La hotuba ilikataa. Mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba mgeni rasmi ndiye anayesaini bajeti ya mwaka unaofuata, na kwamba akiwekwa jioni hatakuja. Nilipotafakari nikaona ana hoja ambayo sikuwa nimeipima: heshima ile inayonichosha ndiyo inayolipia umeme wa ukumbi. Bado naamini inaweza kupunguzwa ifike nusu saa.

Mzee wangu bado hajashawishika. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniuliza swali ambalo naona ndilo swali halisi: ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo? Nilimjibu na nimelishikilia jibu hilo. Yachukue makongamano mawili yajayo ya kanda. Mganga mkuu wa wilaya ya mpakani akipata habari za usugu mpya wa dawa ng'ambo ya mto kupitia jarida, au kupitia gazeti, kabla hajazisikia kwa mwenzake aliyekutana naye ukumbini, basi kongamano limeshindwa kazi ambayo Entebbe ilikuwa ikiifanya kwa Newala. Hapo nitaungana na mzee, na nauli zote ziende kununua vitendanishi.

Alicheka kidogo, akasema makongamano mawili ni mengi, anzia na moja.